Fotokopi mbovu, duka la bodaboda na basi la usiku: vidokezo vya kusaka vipuri vya CNC ya kujiundia

Video zote huanza namna moja. Kijana wa Marekani ana gereji safi kuliko sebule yako, anasema ameingia dukani asubuhi, akanunua reli, mota na skrubu, na jioni mashine inachonga. Wewe uko Mbeya. Ukiuliza sokoni Mwanjelwa kama kuna reli ya milimita 16 ya kuteleza beringi, muuzaji atakuletea reli ya pazia, tena kwa tabasamu.

CNC, kwa asiyeijua, ni mashine ya kuchonga mbao, plastiki au alumini ambayo kichwa chake huongozwa na kompyuta badala ya mkono. Mota tatu au nne hukivuta kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini; kila mwelekeo huitwa mhimili. Yangu ilinichukua miezi kumi na moja, na tisa kati ya hiyo ilikuwa ya kutafuta, si ya kuunda. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani.

1. Chora mwisho

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijanunua hata boliti moja. Nilipakua mchoro mzuri wa mashine ya Ulaya, nikaandika orodha, nikaingia mtaani na orodha mkononi. Kila nilichokipata kilikuwa ndugu wa nilichokitaka, si chenyewe. Aliyechora anaishi mahali ambapo kila kipimo kipo rafuni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujiuliza.

Sisi tunapika kwa kilichomo jikoni. Kusanya, panga sakafuni, pima, ndipo ushike penseli. Ukipata fimbo mbili safi za sentimita 42, mashine yako ni ya sentimita 42 na mjadala umefungwa.

2. Usiende sokoni mikono mitupu

Beba venia, sumaku ndogo, mita ya umeme na daftari. Venia kwa sababu robo inchi na milimita sita hufanana kwa macho, lakini shafti ya 6.35 haiingii kwenye tundu la 6 hata uisomee dua. Sumaku kwa sababu rangi huficha mengi, na alumini iliyopakwa rangi hufanana sana na chuma.

Na kuna kifaa ambacho huna haja ya kukibeba: kaunta ya kioo. Kioo cha dirisha ni bapa kuliko karibu kila kitu kilichomo mjini. Lalisha fimbo juu yake, iviringishe kwa kidole polepole, inama uutazame mwanga unaopita chini. Iliyonyooka huenda kimya. Iliyopinda hugonga, na ule uwazi hufunga na kufunguka kila inapogeuka. Omba ruhusa kwanza, maana mama mmoja aliniuliza kama napiga ramli dukani kwake.

3. Chinja fotokopi

Hapa ndipo penye nyama. Fotokopi kubwa ya ofisi iliyokufa ina fimbo za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, mota kadhaa, mikanda ya meno pamoja na puli zake, springi za kila umbo, swichi ndogo, sensa za mwanga, skrubu za kukutosha mwaka mzima, na mara nyingi pawa sapulai ya volti 24, ambayo ndiyo chakula cha mota zako.

Pa kuipata ni kwa fundi wa fotokopi, yule mwenye lundo la maiti nyuma ya banda. Usimwogope kama mshindani. Yeye anataka ngoma, rola na bodi. Wewe unataka mifupa. Mimi nilianza kwa kununua mzoga mmoja, nikaishia kuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Wahi kabla ya watu wa chuma chakavu, kwa sababu wao hupima kwa kilo na nyundo yao haijui fimbo iliyonyooka ni kitu gani.

Si kila mashine ya ofisi inafaa kuchinjwa. Printa za zamani za kugonga utepe, zile zinazolia kama cherehani, zina mota nzuri za hatua. Skana ina mota moja ndogo na fimbo moja, kitafunio tu. Printa nyingi za wino za miaka ya karibuni zitakuvunja moyo: mota zake ni za kawaida za kuzunguka mfululizo, zinazosoma mahali zilipo kwa ukanda wa plastiki wenye mistari myembamba. Ni ufundi mzuri, ila si wako.

Watu wamekwenda mbali kwa njia hii. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliunda printa ya 3D kutokana na mabaki ya printa, skana na kompyuta zilizotupwa, na habari zake zikazunguka dunia. Lomé hakuna kaunta ya reli za kuteleza beringi pia.

Maonyo mawili kabla hujashika bisibisi. Kapasita za sapulai hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa, kwa hiyo sanduku la sapulai litoe zima bila kulifungua. Na ule wino wa unga usiupulize kwa mdomo. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji baridi.

4. Ijue mota kwa vidole

Unayoitaka ni mota ya hatua, stepa kwa lugha ya mafundi. Zungusha shafti yake: haitelezi, inagotagota. Nyingi zina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Ina waya nne, tano, sita au nane, na rangi zake hazina uaminifu wowote. Ili ujue zipi ni za koili moja, gusanisha ncha mbili zilizo wazi kisha zungusha tena. Shafti ikiwa nzito ghafla, umezipata. Huhitaji hata mita.

Majina NEMA 17 na NEMA 23 yanataja upana wa uso tu, inchi 1.7 na 2.3, takriban milimita 42 na 57. Hayasemi nguvu. Kwa kuchonga plastiki na mbao laini kwenye mashine ndogo, 17 inavumilia. Kwa mninga tafuta 23. Zile za duara zenye mwili wa bati, hatua 48 tu kwa mzunguko, wape watoto.

Mota tofauti kwenye mihimili tofauti si tatizo. Zikiwa mbili zinavuta mhimili mmoja, ziwe mapacha.

5. Ubongo ni rahisi, usiuhangaikie

Bodi ya Arduino Uno na programu ya bure ya GRBL, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogseth mwaka 2009, vinatosha kuongoza mihimili mitatu, pamoja na dreva, yaani kibodi cha kulisha umeme kila mota. Kama mjini kwenu kuna chuo cha uhandisi, subiri wanafunzi wa mwaka wa mwisho wawasilishe miradi yao. Wiki inayofuata bodi hizo zinalala kwenye mifuko ya nailoni chini ya vitanda, na mwenye nazo anahitaji nauli ya kwenda nyumbani.

Njia nyingine ni kompyuta nzee ya mezani yenye ile soketi pana ya printa ya matundu 25, pamoja na LinuxCNC, nayo ya bure. Hakikisha soketi ni ya kompyuta yenyewe. Adapta ya kugeuza USB kuwa soketi hiyo inafaa kwa kuchapa barua, mota haziielewi.

6. Duka la spea za bodaboda ndilo duka lako

Nilichelewa kuligundua hili, na bado linaniuma. Hakuna kata isiyo na duka la spea za pikipiki, na ndani yake kuna beringi mpya, kwenye boksi, kwa bei ambayo dereva wa bodaboda anaimudu. Namba za beringi ni zilezile dunia nzima. 6301 na 6302 zinazozungusha magurudumu ya pikipiki nyingi ndizo hizohizo mchoraji wa Ulaya ameziandika kwenye mchoro wake.

Jifunze kuzisoma. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano, kwa hiyo 6204 ni 20. Herufi ZZ maana yake imefunikwa kwa bati pande zote mbili, 2RS imefunikwa kwa mpira. Chukua 2RS. Vumbi la mbao halina huruma.

Ile ndogo 608 (ndani 8, nje 22, upana 7) waulize mafundi wanaotengeneza grenda na drili. Ukifunga beringi nne za namna hii kwenye vipande vya chuma cha pembe, mbili zikiegemea upande huu na mbili upande ule wa bomba la mraba, zinalikumbatia kwenye kona na kuteleza juu yake. Si reli ya kiwandani. Lakini inachonga herufi za kibao cha saluni bila aibu.

Usitoke humo bila mpira wa petroli na klipu zake. Kipande cha sentimita nne, klipu moja juu ya shafti ya mota na nyingine juu ya fimbo ya hesi, ni kiungo kinachosamehe pale mota na fimbo zisipotazamana sawasawa. Kitakusukuma mwezi wa kwanza, mpaka kiungo halisi kifike.

7. Fimbo ya hesi ya dukani inatosha, ukiijua tabia yake

Ile fimbo ya mita moja yenye hesi mwanzo hadi mwisho, inayouzwa kwa mafundi wa dari na mabomba, itavuta mashine yako. M8 husogea milimita 1.25 kwa mzunguko, M10 husogea 1.5, M12 husogea 1.75. Mimi hushauri M12, kwa sababu nyembamba hupepesuka kama kamba ya kuruka ikizungushwa haraka.

Mwendo wake ni wa konokono. Mota ikizunguka mara 300 kwa dakika, M12 inakupa milimita 525 kwa dakika. Ile fimbo maalumu ya kuagiza iitwayo T8, yenye kusogea milimita 8 kwa mzunguko, ingekupa 2,400. Hayo ni mambo ya subira tu. Ugonjwa wa kweli ni plei: nati inacheza kwenye hesi, na kila kichwa kinapogeuza mwelekeo unapoteza sehemu ya milimita. Dawa ni nati mbili zinazosukumana kwa springi fupi ngumu katikati. Springi ya klachi ya pikipiki inafaa ikiwa fimbo yako inapita kwenye tundu lake. Upande mmoja wa hesi hubanwa daima, na plei hukosa pa kukaa.

8. Mwili: nenda kwa wa alumini, kisha kwa seremala

Mafundi wa madirisha ya alumini hukata vipande siku nzima, na masalia yake huyaona kama uchafu. Wana pia msumeno wa kukata nyuzi 90 kamili, kitu ambacho wewe na msumeno wako wa mkono hamtakiweza. Lipa masalia, lipa kukatiwa, ondoka na furaha.

Kwa meza na kuta za mashine, wengi hukimbilia MDF. Ni bapa, ni rahisi, na ikinyonya maji huvimba kama andazi. Mimi nilitumia mninga. Mbao hii ikishakauka vizuri haijikunji wala haipindi hovyo, na ndiyo maana wazee walitengenezea milango ambayo bado inafunga. Neno kubwa hapo ni kukauka. Mninga mbichi utakuchorea tabasamu kwenye reli.

Nondo ya ujenzi isiwe reli, hata ukiisugua. Kwa mhimili mfupi wa juu na chini, fimbo za shokapu za gari ni ngumu na zina kromu safi, ila shokapu za gesi zina mgandamizo ndani; mwachie fundi anayezijua azifungue. Palipobaki pa kukereza tundu au shafti, mfuate fundi kereza, au waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwenu nani ana mashine inayofanya kazi.

9. Mkanda na puli visiachane

Meno ya mikanda ya printa nyingi yamepishana milimita 2.032, na ya mkanda wa GT2 unaouzwa kwa ajili ya printa za 3D yamepishana 2. Kwa jicho ni mmoja. Baada ya meno 100 ni tofauti ya milimita 3.2, na puli inaanza kutafuna.

10. Agiza kile tu ambacho nchi haina

Fimbo ya chuma ya milimita 20 yenye urefu wa mita moja ina karibu kilo mbili na nusu. Nne ni kilo kumi. Bodi ya Arduino ni gramu 25. Ukishaziona namba hizo mbili, mpango unajipanga wenyewe: vyepesi vyenye akili (bodi, dreva za mota, biti, viungo) vije kwa ndege, vizito vitafute hapa, au vije kwa meli na wewe usahau kama uliagiza.

Watu wengi sasa hutumia mawakala wenye ghala Guangzhou. Muuzaji anapeleka boksi pale, wakala analichanganya na ya wengine, unalipa kwa kilo ya ndege au kwa ujazo wa meli. Uliza kabla hujalipa kama bei yake inajumuisha forodha. Ukiagiza mwenyewe, kumbuka kwamba ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa kawaida una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35 kulingana na bidhaa, na kwa mzigo wa meli hupigwa kwenye jumla ya bei, bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 18 hukaa juu yake. Yaani nauli ya meli ikipanda, na kodi inapanda. Ankara iandikwe jina halisi la kitu. "Zawadi" ni neno linalomwamsha afisa usingizini.

Tazama kalenda pia. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na viwanda hufunga kwa wiki kadhaa. Nililipia dreva zangu siku tatu kabla ya sikukuu hiyo. Nilipata muda mwingi sana wa kupaka varnishi.

Pawa sapulai usiiagize; zile za kamera za ulinzi na taa za LED zimejaa Kariakoo, za volti 12 na za 24. Kutoka Dar, mzigo hupanda basi la usiku kama abiria mwingine. Andika jina na simu pande mbili za boksi, piga picha ya risiti na namba ya basi. Kitu chochote kirefu kifunge kwenye mbao ya mbili kwa mbili kabla hakijatoka dukani. Fimbo zangu za kwanza zilisafiri kilomita zaidi ya 800 chini ya gunia la mtu, zikafika zimejifunza kuinama.

11. Kichwa cha kukata kinunue kwa volti, si kwa sura

Ruta ya mkono ya seremala inafaa kabisa kuanzia. Ile inayokuja kwenye mitumba ya Marekani ni ya volti 120, na kwenye soketi yetu itaishi sekunde chache, kwa moshi. Kabla hujalipa, pima tundu la kushikia biti: 6, 6.35, 8 au 12. Biti nyingi nyembamba za CNC zina shina la 3.175, kwa hiyo utahitaji kipunguzio. Biti nazo agiza nyingi. Utazivunja, nami sitakudanganya.

12. Panga kwa ajili ya umeme kukatika

Kompyuta mpakato ina betri na itaendelea kutuma amri kwa mashine iliyokufa. Weka swichi ndogo (zile za fotokopi) mwanzoni mwa kila mhimili, ili umeme ukirudi kichwa kirudi kwanza kwenye sifuri ileile, ndipo uendelee kuanzia mstari ulipokatikia. Waya za swichi ziwe mbali na za mota, la sivyo mashine itaona mizimu na kusimama katikati ya kazi.

13. Kidogo na kinachoungua, nunua vitatu

Dreva moja ikiungua Jumatatu, ya pili inafika mwezi ujao.

14. Kipande cha kwanza kiwe cha takataka

Usianze na mlango wa mteja. Chukua kipande cha MDF, chonga mraba wa milimita 100 na duara ndani yake. Pima pembe kwa pembe: zikilingana, mashine imekaa sawa. Duara likitoka kama yai, rudi kwenye nati zako za kidokezo cha 7. Mraba ukitoka sawasawa pande zote lakini wenye kipimo kisicho sahihi, mashine haina kosa; kosa liko kwenye hesabu. Kwa M12, hatua 200 zilizogawanywa kila moja mara 8 ni hatua 1,600 kwa mzunguko, gawa kwa 1.75, unapata 914.286 kwa kila milimita.

Mraba wangu ulitoka 98.4. Nilifungua beringi zote, nikakaza mikanda, nikamlaumu seremala. Usiku wa tatu nikatazama kwenye kompyuta: nilikuwa nimeandika 900, kwa sababu sifuri mbili zilinipendeza.